Hitima ya Mfunguo Tano

Wafungwa walikuwa wameshaanza kupanda meli Inspekta Wakijan alipofika gatini Tanjung Perak, kitabu kwapani, shati limemganda mgongoni. Walipanda wawili wawili, pingu moja kwa mikono ya watu wawili, kila mtu na mkeka wake begani. Chini ya ngazi alisimama koplo wa jeshi akiita namba. Majina yalikuwa yameachwa lango la nje.

"Namtaka Lasimin," Wakijan akamwambia. "Yule dereva wa becak. Kesi ya marehemu mwalimu Kusnan."

"Hapa hakuna kesi, Pak. Hapa kuna namba tu."

"Ana kovu juu ya jicho."

"Nitajie asiye na kovu, huyo nitakuwa namkumbuka."

Wakijan akatoa pakiti ya sigara za karafuu, haijafunguliwa. Koplo akaipima mkononi kama mtu anayenunua samaki.

"Ongea naye akitembea. Akifika kwenye ngazi, anapanda."

Foleni ilikuwa bado ndefu. Wakijan akaipita mpaka katikati, akamwona: mtu mwembamba mwenye miguu minene, miguu ya kukanyaga baiskeli ya abiria maisha yake yote. Alikuwa amefungwa pingu na mzee mmoja mwenye miwani ya kioo kimoja.

"Bado hamjanimaliza?" Lasimin akauliza.

"Si mimi niliyekuhoji. Jalada nimepewa jana, nilifunge."

"Basi lifunge, Pak. Jua lote hili unalifuata la nini?"

Jalada lenyewe lilikuwa jembamba. Mwalimu mstaafu Kusnan, aliyeandika kile kitabu kilichosomwa Surabaya nzima, *Maasi ya Stadhouder*, alikutwa asubuhi moja ya mwezi wa Safar nyumbani kwake, kichwa ndani ya birika la kuogea, maji mapafuni, alama za vidole shingoni. Mlangoni palikuwa na nyayo za ndala za Lasimin. Na ukurasa wa mia na kumi na mbili wa kitabu ulimtaja Ngadiman, baba yake Lasimin, kuwa ndiye baharia aliyewauza wenzake kwa Waholanzi. Nyayo zipo, hasira ipo. Wakubwa hawakutaka zaidi. Aliyemuua mwandishi wa mashujaa akahesabiwa adui wa taifa, akaongezwa kwenye orodha ya wanaopelekwa kisiwa cha wafungwa, wale ambao mahakama haiwajui.

Maelezo yake ya kukiri yalianza hivi: *Nilisoma ukurasa wa mia na kumi na mbili nikapandwa na hasira.* Chini kabisa, mahali pa sahihi, kulikuwa na dole gumba. Wakijan alikuwa ameliona dole hilo asubuhi ile akinywa kahawa, na kahawa akaiacha.

"Unajua kusoma?" akamuuliza.

"Ningejua, ningekuwa naendesha becak?"

"Kuna wanaojua na wanaendesha," mzee wa miwani akadakia. "Mimi nilikuwa mwalimu, wakanifukuza, nikaendesha."

"Mzee, hukuulizwa," Wakijan akasema.

"Mimi sisikii kitu. Endeleeni."

"Habari za baba yako alikusomea nani?"

"Mwenyewe. Pak Kusnan. Alikuja kwangu usiku uleule aliokufa, baada ya isha. Akakaa kwenye mkeka wetu na suruali yake nyeupe, akanisomea. Kisha akalia."

"Akalia?"

"Kama mtoto aliyepotea sokoni. Akasema, Mas Lasimin, nimemwandika baba yako vibaya. Hakuuza mtu. Yule maiti aliyekutwa ameungua kwenye usukani ndiye yeye. Chapa ya pili nitaibadilisha yote."

"Waliokuhoji uliwaambia haya?"

"Niliwaambia mpaka meno mawili yakatoka. Wakasema kitabu kimeshapigwa chapa, kitakoseaje?"

Foleni ikasogea. Wakijan akasogea nayo.

"Halafu?"

"Mke wangu akampa wali na tempe ya soya. Akala! Nikamshangaa, maana alikuwa anatoka hitimani kwa Kanali Harsoyo. Katoka hitimani na njaa, na kikapu cha chakula hana. Umeona wapi mtu anatoka hitimani bila kikapu chake? Basi nikampakia, nikampeleka kwake. Macho yake mabovu, nikamshika mkono mpaka mlangoni. Ndala zangu ndizo hizo mlizozikuta."

"Aliingia na nini mkononi?"

"Mwavuli. Basi." Lasimin akatazama ngazi, ilikuwa imekaribia. "Pak, nina ujumbe. Mwambie mke wangu kumi na tisa ya Ramadhani. Ndiyo siku aliyokufa baba, Pak Kusnan ndiye aliyenipa. Sisi hatujawahi kumfanyia hitima, tungeifanya siku gani? Mama yangu amekufa anaulizia siku hiyo. Nilimtajia Tumirah lakini atasahau, kichwa chake kimejaa watoto."

"Kumi na tisa. Nitamwambia."

"Na mimi je? Nitashuka?"

Koplo akaita namba. Mzee wa miwani akakanyaga ngazi, pingu ikamvuta Lasimin nyuma yake. Walipofika juu yule mzee akageuka akapaza sauti, "Inspekta! Hata mimi sijui kusoma!" Foleni nzima ikacheka, koplo naye akacheka, kisha akapiga ngazi kwa kitako cha bunduki na watu wakanyamaza.

"Wanapita Makassar kuchukua maji," koplo akasema, safari hii kwa sauti ya chini, labda kwa ajili ya sigara. "Makassar karatasi ya mwendesha mashtaka inaweza kumshusha mtu. Nimeona kwa macho yangu. Wakishaondoka Makassar, hata malaika washuke na barua."

*

Sajini Rebin alikuwa akimsubiri kwenye kibanda cha chakula nje ya bandari, sahani ya mchuzi mweusi wa nyama mbele yake. Alikuwa mtu wa tumbo na moyo mwema, na wizi wa kuku aliujua kuliko wa benki. Wakijan akakaa, akafungua kitabu katikati ya mabakuli.

Alikuwa ameshakisoma kama kila mtu alivyokisoma, akikimbilia ukurasa wa msaliti. Sasa akakisoma taratibu, nani alikuwa wapi, nani alimwona nani, na kila penye neno "inaaminika" akaweka punje ya wali pembeni ya ukurasa.

*Stadhouder* ilikuwa manowari ya Waholanzi. Mabaharia wenyeji walikatwa mishahara. Maafisa wakiwa karamuni nchi kavu, wakang'oa nanga, wakaondoka nayo, wakafuata pwani ya Sumatra. Ramadhani iliwakuta mle, wakafunga. Usukani walipokezana watu wawili wa kijiji kimoja, Partowijoyo na Ngadiman. Siku moja mashua ndogo ikakosekana, na mmoja wa wawili hao akakosekana nayo. Kesho yake, kumi na tisa ya Ramadhani, ndege ikaja moja kwa moja kama iliyoitwa, ikaangusha bomu. Aliyebaki kwenye usukani akakutwa mkaa mtupu.

"Sasa," Wakijan akasema. Akaweka kijiko upande huu na uma upande ule. "Mmoja kaungua, mmoja katoroka akawaelekeza Waholanzi. Nani ni nani?"

"Pak, huo uma ni wangu."

"Kitabu kinasema aliyeungua ni Partowijoyo. Kwa nini? Inaaminika zamu ilikuwa yake. Inaaminika hakurudi kwao. Nani anaamini? Mtoto wake, Kanali Harsoyo. Kanali ndiye aliyetoa picha, Kanali ndiye aliyelipia uchapaji. Mtoto wa Ngadiman hakuulizwa."

"Nani amuulize dereva wa becak? Atakuuliza yeye unakwenda wapi." Rebin akachukua uma wake. "Ila Kanali hana choyo, hilo useme. Hitima ya pale kwake, Pak! Kuku mzima wa nazi, si paja. Kituo kizima tunaletewa. Mwaka huu Mungu kanipendelea, nikala vikapu viwili."

"Hitima ya nani?"

"Ya babake. Huyohuyo Partowijoyo wa usukani."

"Mwezi gani?"

"Mfunguo tano, hiyo Safar, kila mwaka. Mke wangu siku hiyo hapiki."

Wakijan akageuza kitabu, akakisukuma kuelekea kwake, akaweka kidole kwenye mstari. Rebin akasoma kwa midomo. *Kumi na tisa ya Ramadhani.* Akaacha kutafuna.

"Labda wameihamisha, Pak. Ramadhani watu wamefunga."

"Mama yako alikufa mwezi gani?"

"Rajabu."

"Ungeihamisha?"

"Mama yangu?" Rebin akakasirika kweli. "Aje siku yake akute hakuna moto jikoni, halafu mimi nimpikie siku ambayo hayupo? Nikushike miguu, Pak, usiseme hivyo."

"Ndivyo alivyofikiri na mwalimu Kusnan," Wakijan akasema. "Alialikwa mgeni wa heshima, akakaa mkekani na sahani mbele, akauliza hitima ya nani. Akaacha sahani akaondoka."

*

Siku mbili baadaye walipokwenda kwa Kanali Harsoyo, hakuwepo nyumbani. Alikuwa kwenye uwanja inakosimamishwa sanamu ya baba yake, akimsubiri fundi wa shaba. Mama yake, Mbah Ginah, alikuwa baraza ya nyuma akikunja tambuu, mdomo mwekundu, macho yanaona mbali kuliko ya wajukuu zake. Wakijan akavua viatu, akakaa chini kabisa kuliko alivyokaa yeye, akaongea kwa lugha ya mtoto kwa bibi.

"Mbah, nimekuja kuomba shauri. Mama yangu alifariki Ramadhani. Mke wangu anasema hitima tuipeleke mfunguo tano, watu wapate kula mchana, kama mnavyofanya hapa."

"Kama tunavyofanya hapa?" Bibi akaliacha jani. "Nani kakwambia sisi tumehamisha? Mkeo katoka wapi, mjini?"

"Mojokerto, Mbah."

"Ndiyo maana. Mwambie hivi: mume wangu alikufa Safar, kichwa chake kiko hapa, hapa kwenye paja. Kaomba maji, kanywa, kanitazama, basi. Enzi za Mjapani, sanda hatuna, tukamzika na gunia la mchele. Kila mwaka namwomba radhi kwa lile gunia."

Rebin, aliyekuwa amechutama karibu na nguzo, akatazama vidole vya miguu yake.

"Kanali hakuwahi kutaka kuihamisha?"

"Harsoyo? Tangu haya mambo ya sanamu yaanze hanipi usingizi. Ramadhani, Mama, Ramadhani. Nikamwambia, serikali idanganye utakavyo, ndiyo kazi yenu huko, lakini sahani ya baba yako usiiguse."

"Mwalimu Kusnan naye alikuja mwaka huu."

"Alikuja, masikini. Akaniuliza kama wewe, nikamjibu kama nilivyokujibu. Akaondoka wali haujapoa! Kikapu chake kimebaki pale chini ya kiti. Nikaona aibu mpaka kwenye nyayo. Nikamwambia mwanangu, mfuate umpe. Mtu atoke nyumbani kwangu mikono mitupu, kesho watasemaje?"

"Akatuma dereva."

"Dereva alikuwa ameshiba amelala. Kapeleka mwenyewe." Bibi akatema kwenye kopo lake, akafuta mdomo kwa fahari. "Ni Kanali, ana nyota begani, lakini kikapu kakibeba kwa mkono wake. Mimi nimemlea yule."

Nyuma yao mlango wa gari ukafungwa. Kanali Harsoyo akaja kwa hatua za pole, mtu mnene, safi, ananukia sabuni. Alimbusu mama yake mkono kabla hajamtazama mgeni.

"Inspekta. Natumaini Mama hakuchoshi."

"Ananifundisha adabu, Kanali."

"Umri umesogea. Siku hizi anamchanganya Baba na mjomba."

"Nani anachanganya?" Mbah Ginah akafoka. "Mjomba wako aligongwa na treni Wonokromo, tukamwokota kwa karai! Nitamchanganya na mume wangu?"

"Ndiyo, Mama."

Kanali akamsindikiza Wakijan mpaka langoni, mkono begani kwake kama rafiki wa shule.

"Jalada la Kusnan nilisikia limefungwa," akasema.

"Liko mezani bado. Kile kikapu alichosahau, Kanali, ulimpelekea saa ngapi?"

Mkono ukabaki palepale begani. Haukukaza, haukulegea.

"Kwenye orodha ya vitu mlivyovikuta kwake kulikuwa na kikapu?"

Wakijan aliijua orodha ile kwa moyo. Miwani, mwavuli, kata ya kuogea iliyovunjika mpini, kitabu, taa. Kikapu hakikuwemo.

"Basi hakukuwa na kikapu," Kanali akasema. "Mama amezeeka, Inspekta. Sitapenda asumbuliwe tena, na wewe hutapenda." Akamwita mtumishi. "Mpeni Inspekta maembe ya kupeleka nyumbani. Mtu asitoke hapa mikono mitupu."

*

Ndani ya gari Wakijan hakuwasha injini.

"Rebin. Mwaka huu ulikula vikapu viwili."

"Ndiyo, Pak, Mungu..." Rebin akakoma. Uso wake ukabadilika kuanzia masikioni.

"Kimoja kililetwa kituoni. Kingine?"

"Kilikuwa mezani."

"Meza ipi?"

"Ya marehemu." Rebin alikuwa anaongea na magoti yake. "Tulifika asubuhi, daktari kachelewa, joto. Kikapu kimefungwa vizuri na kamba ya mgomba, hakijaguswa. Chakula cha hitima, Pak! Kimesomewa dua. Nikiache kioze karibu na maiti? Nilidhani kaja nacho yeye. Ningejuaje?"

"Hukukiandika."

"Nikiandika, nitaandika kimekwenda wapi?"

"Na kikapu chenyewe?"

"Mke wangu anawekea vitunguu."

"Kina alama yoyote?"

"Ni kikapu, Pak. Mianzi. Kama vyote."

Embe moja likaviringika likaanguka chini ya kiti. Hakuna aliyeliokota.

"Lasimin alimwacha mlangoni hana kikapu," Wakijan akasema. "Asubuhi kikapu kiko mezani. Katikati ya hapo aliingia mtu mmoja tu, aliyebeba kikapu kwa mkono wake. Mama yake katuambia, na hajui alichotuambia. Utayasema haya mbele ya Mkuu?"

Rebin alikuwa na watoto watano na miaka michache ya kufikia pensheni.

"Washa gari, Pak. Nisije nikafikiri."

*

Mkuu wa kituo, Pak Silalahi, alikuwa Mbatak wa Toba, huko Sumatra, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya ziwa hata akiwa ananong'ona. Aliwasikiliza mpaka mwisho bila kukaa.

"Ngoja nielewe," akasema. "Niende kwa mwendesha mashtaka, nimwambie Kanali wa jeshi, mtoto wa shujaa, mwenye sanamu inayozinduliwa na waziri, ni muuaji. Ataniuliza ushahidi. Nitamwambia ni karamu."

"Mwezi wa karamu, Pak."

"Kwetu sisi mtu akifa tunachinja nyati, vijiji vitatu vinajua. Ninyi Wajava mnakula kila mwezi, nani anaweza kuwafuatilia? Shahidi wa kwanza nani?"

"Mbah Ginah. Mama yake."

"Atasimama mahakamani amtie mwanawe kitanzi?"

"Hapana, Pak."

"Wa pili?"

"Lasimin."

"Yuko baharini. Wa tatu?"

Rebin akapiga mguu, akasimama wima. "Mimi, Pak."

"Sajini alikula ushahidi."

"Ndiyo, Pak."

"Wote?"

"Nilibakiza mifupa, Pak."

Pak Silalahi akageukia dirisha. Mabega yalimtikisika, Wakijan akadhani anacheka. Alipogeuka hakuwa anacheka.

"Nakuamini, Wakijan. Ungekuja na uongo ningekufukuza nikalala vizuri." Akavuta simu. "Hiyo meli?"

"Imefika Makassar leo asubuhi. Haitakaa."

Akampigia mwendesha mashtaka. Walisimama wakisikiliza upande wake tu. "Ndiyo, Pak. Kuhusu yule wa Kusnan... Ndiyo, aliyekwisha pelekwa. Nilitaka kujua kama kungekuwa na jambo jipya..." Kisha akasikiliza tu. Sauti upande wa pili ilikuwa ya upole sana, haikupanda hata mara moja. "Ndiyo. Najua Kanali ameshakupigia simu. Ndiyo, anayo haki. Hapana, Pak. Hakuna jipya."

Akaweka simu chini kwa mikono miwili.

"Tumpeleke Lasimin mahakamani hata kama tutashindwa," Wakijan akasema. "Ahukumiwe, awe na kesi. Mwenye kesi ana jina."

"Hakutakuwa na kesi. Kesi ina maswali." Pak Silalahi akanyoosha mkono. "Hicho kitabu kiache hapa."

"Nimekinunua mwenyewe, Pak."

"Ndiyo maana nakuomba, sikuamuru."

Wakijan akakiweka mezani. Kutoka pale akaenda posta kwa miguu, akaandika telegramu kwa mkuu wa bandari Makassar kwa jina lake mwenyewe: amshushe Lasimin, dereva wa becak, shahidi wa mauaji. Karani akaisoma, akaigeuza nyuma, akatafuta kitu.

"Muhuri?"

"Sina."

"Bila muhuri, Pak, inakwenda kama salamu za Idi."

"Iende hivyohivyo."

Ikaenda. Jibu likarudi kesho yake, fupi, karani akamsomea dirishani kwa sababu karatasi zilikuwa zimekwisha: jina hilo halimo kwenye meli, watajiwe namba, na meli imeshaondoka.

*

Sanamu ilizinduliwa mwezi uliofuata, mvua ikinyesha. Inamwonyesha Partowijoyo ameshika usukani, kidevu juu. Kanali Harsoyo alipanda cheo mara moja zaidi, akastaafu, akafia kitandani kwake. Mama yake alikuwa ametangulia, na mwaka uliofuata kifo chake hitima ya pale nyumbani ikahamishiwa Ramadhani. *Maasi ya Stadhouder* kilichapwa tena bila kubadilishwa neno.

Pak Silalahi aliomba uhamisho kwao Sumatra, akapewa upesi kuliko kawaida. Kitabu aliondoka nacho. Rebin alitolewa upelelezi akawekwa lango la kituo kufungua na kufunga, mpaka pensheni. Wakijan alipelekwa usalama wa barabarani, kisha stoo ya vitu vilivyookotwa, na huko ndiko alikomalizia kazi.

Yule mzee wa miwani alirudi kutoka kisiwani baada ya miaka mingi, bila miwani. Alifika kwa Tumirah, mke wa Lasimin, akamwambia Lasimin alikufa kwa homa wakati wa mvua. Yeye alikuwa kambi nyingine, aliambiwa baadaye, siku haijui wala mwezi. Barua ya serikali ilikuwa na namba na mwaka. Wakijan alizunguka ofisi zote zilizokubali kumpokea akiuliza siku, akajibiwa kuwa mwaka unatosha.

Ujumbe wa gatini aliufikisha siku ileile meli ilipoondoka, na Tumirah hakusahau. Kila kumi na tisa ya Ramadhani, watu wakishafuturu, anamfanyia hitima baba mkwe wake Ngadiman, wali na tempe, na kuku mwaka ukiwa mzuri. Kwa Lasimin hana siku ya kupika. Kando ya sahani ya mzee huweka sahani ya pili, huenda mzee akaja na mwanawe.